Kujenga bagi ya autokrosi na wenzako wa kazini: tafuteni Probox iliyogongwa muanzie hapo

Kila karakana ya Industrial Area iko na watu wawili watatu ambao wikendi wanaenda kuangalia autokrosi, mbio za gari kwa njia fupi ya vumbi, alafu Jumatatu chai ya saa nne inaisha wakibishana ati hata sisi tunaweza kujenga bagi, ile gari nyepesi ya paipu ya kukimbia kwa vumbi. Mnaweza, kweli. Kama kampuni inachomelea matangi, inatengeneza matrela, ama nyinyi ni kitengo tu cha matengenezo kwa kiwanda cha biskuti, vifaa vingi mko navyo tayari na mikono iko. Mradi kama huu hauuliwi na welding. Unauliwa na watu kumi kila mmoja ako na maoni na hakuna mwenye neno la mwisho, na ramani inabadilika kila Jumamosi mpaka chesisi inashika kutu kwa kona. Kwa hivyo mnisamehe, naanza na watu kabla ya paipu.

Nendeni kwa bosi na karatasi moja, iseme mtatumia karakana siku gani, mashine gani, vyuma vya mabaki mtavipima na kuviandika vipi, umeme nani analipa. Akikubali aweke sahihi. Na mtu wa insurance aulizwe mapema, juu sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya kuumia kazini, inahusu mtu akiumia kwa sababu ya kazi na akiwa kazini, sasa mtu akikatwa na grenda Jumamosi jioni akitengeneza gari ya mashindano hapo kunaweza kuwa na mjadala mrefu, afadhali mjadala huo ufanywe wakati kila mtu ako na vidole kumi. Mwandike pia gari ni ya nani, na mtu akiacha kazi mchango wake unaenda wapi. Mnaona ni aibu kuandikiana na marafiki lakini subiri siku mtu atapata kazi Mombasa aanze kudai injini.

Pesa iendeshwe kama chama: mchango wa kila mwezi kwa M-Pesa, mtu wa accounts ashike daftari, kila risiti ipigwe picha iwekwe kwa grupu. Masaa ya kazi pia yaandikwe kama mchango, juu fundi anayechomelea kila Jumamosi na hana pesa ya kuchanga amelipa zaidi ya meneja aliyetuma pesa akabaki kwake.

Neno la mwisho apewe mtu mmoja, na kwa maoni yangu asiwe mkubwa wa kazini. Bosi akiwa ndo anaamua, hakuna kijana atamwambia bolti yake imekaa vibaya. Tafuteni mtu mtulivu anayejua kusema hapana. Chini yake kila sehemu iwe na mwenyewe: mmoja chesisi, mmoja sasipenshoni na stelingi, mmoja injini na giaboksi, mmoja breki, mmoja umeme, na yule wa procurement awe mnunuzi wenu juu bei anazopata yeye Kirinyaga Road wewe huwezi. Dereva achaguliwe kwa saa, nendeni mkodishe gokati mpimane, kiti kisiuzwe kwa aliyechanga mingi.

Alafu wekeni tarehe ya kufunga ramani. Baada ya hapo wazo lolote jipya, hata liwe tamu namna gani, linaandikwa kwa daftari la bagi ya pili.

Sheria kabla ya grenda

Autokrosi inawafaa juu ni njia fupi ya vumbi, unashindana na saa, hamhitaji gari ya kustahimili Safari Rally ya Naivasha. Lakini kuna ukaguzi. Mashindano ya Kenya yako chini ya KMSF, shirikisho la mbio za magari la Kenya, ambayo iko chini ya FIA, lile la dunia, kwa hivyo chukueni sheria za mwaka huo, muulize bagi kama yenu inaingia klasi gani, na mpeleke mchoro kwa mkaguzi kabla hamjakata paipu hata moja. Mkaguzi akikataa mchoro mnafuta laini ya penseli tu, akikataa gari mnakata chesisi.

Kwa keji, ile fremu ya paipu inayomkinga dereva, Kiambatisho J cha FIA, kifungu cha 253, kinaweza kuwapa picha: ni cha magari ya kawaida ya mashindano lakini watu wengi wanakitumia kama msingi. Paipu isiyo na mshono, ya chuma cha kaboni kilichovutwa baridi, nguvu isipungue 350 N/mm². Ile hupu kubwa, tao la paipu nyuma ya dereva, iwe na kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa 2.5, ama 50 kwa 2.0, zingine 38 kwa 2.5 ama 40 kwa 2.0. Ulizeni cheti cha chuma dukani, mtu wa procurement anajua hiyo mchezo. Na tafadhali msitumie paipu ya maji ile ya GI, iliyopakwa zinki, ati juu iko stoo. Ina mshono, chuma chake hamkijui, na mkiichomelea moshi wa zinki unawapa homa usiku mzima. Za fenicha ndo kabisa, hapana.

Kwa nini Probox

Bagi za zamani zilijengwa na injini ya Volkswagen ya Kobe (Beetle) juu ilikuwa nyuma tayari, tena inapozwa na hewa. Bruce Meyers alitoa bagi yake, Manx, 1964 California, na 1967 gari kama hiyo ikashinda ile mbio ya kwanza ya jangwa la Baja huko Meksiko, masaa 27 na dakika 38. Sasa Nairobi Kobe imekuwa gari ya wazee wa kukusanya, bei yake hamuiwezi. Kile tuko nacho kila kona ni Probox.

Probox ya 1.5 iko na injini ya 1NZ-FE, cc 1496, farasi mia na kidogo, spea hata kijijini ziko. Cha maana zaidi ni kwamba injini, giaboksi na difu zimekaa pamoja mbele zikivuta magurudumu ya mbele. Hiyo furushi lote unalitoa na unalipeleka nyuma ya dereva, linakuwa linasukuma. Tafuteni ya manyuo (gia ya mkono), front-wheel, iliyogongwa upande ama nyuma lakini injini inawaka, iwe na logbook safi ili msije mkatafutwa. Msinunue injini peke yake kisha giaboksi kwingine kisha waya kwingine, mtatumia miezi mkitafuta vibraketi vidogo. Mkikosa gari nzima, ile nusu ya mbele kutoka Japani pia inafaa.

Kabla ya kubomoa washeni injini ikiwa ndani ya gari. Pigeni picha kila plagi, bandikeni lebo kila waya. Kompyuta ya injini, ufunguo na swichi ya ufunguo zitoke pamoja juu kama gari ina ulinzi wa wizi, kompyuta bila ufunguo wake haiwashi kitu. Alafu iwasheni tena ikiwa chini kwa sakafu, kwa fremu ya muda, na waya zote vile zilivyokuja. Ikiwaka hapo ndo mtu wa umeme aanze kupunguza waya za redio na madirisha, moja moja, akiwasha kila mara.

Sasa sikieni vizuri hapa. Furushi likienda nyuma liende likiangalia vile lilikuwa linaangalia mbele, lisigeuzwe. Mkiligeuza mtakuwa na gari yenye gia tano za rivasi na moja ya kwenda mbele, na usicheke, kuna watu wamefika hapo. Na lisisukumwe katikati ati ionekane safi: draivshafti, zile fimbo zinazozungusha magurudumu, za kushoto na kulia hazilingani urefu, kwa hivyo injini ikae pembeni kiasi kile kile ilikaa kwa Probox. Hivyo upana wa nyuma unabaki wa kiwandani na hamkati draivshafti. Gia kama zinabadilishwa na kebo mko sawa, zitarefushwa, kuna watu wa kebo mjini wanatengeneza kwa kipimo.

Kuchora: dereva kwanza, chesisi baadaye

Wengi wanachora gari nzuri kisha wanatafuta mahali pa kuingiza mtu. Geuzeni. Dereva wenu mrefu zaidi akae kwa kiti halisi sakafuni, avae helmeti, ashike stelingi, miguu kwa pedali, mpigie chaki kumzunguka. Ile mashindano ya wanafunzi wanaojijengea bagi, Baja SAE, ambayo yako tangu 1976, inataka nafasi ya kama sentimita 15 kati ya helmeti na keji, na hiyo ni kipimo kizuri hata kwenu, juu gari ikibingirika mikanda inanyooka na kichwa kinasafiri.

Kisha jengeni chesisi nzima kwa paipu za PVC za plamba na tepu. Inaonekana upuzi, watu wa ofisi watacheka, lakini kwa siku moja mtajua kama dereva anaweza kutoka haraka, kama magoti yanagonga, kama giaboksi inatoka bila kukata kitu. Hiyo ya mwisho muhimu, juu klachi mtaibadilisha usiku kwa taa ya simu siku moja. Kutoka ekseli hadi ekseli kwa bagi ya saizi hii mita 2.1 mpaka 2.3 hivi inafaa, fupi sana inazunguka kama haijaulizwa, ndefu sana haikunji kona.

Kwa mchoro wenyewe kanuni ni pembetatu. Chukua ganda la kiberiti utoe kile cha ndani, lisukume pembeni, linalala, na chesisi ya miraba bila paipu ya kukata kona inalala hivyo hivyo. Kila mahali amu ya sasipenshoni ama shokabzoba inashikana na chesisi pawe na makutano ya paipu, isiwe katikati ya paipu ndefu. Kama kuna kijana anajua kuchora kwa kompyuta mpeni, lakini mrija wa soda na gundi pia zitawaonyesha wapi panalegea.

Kukunja na kuchomelea

Kona ya paipu iwe na nusu kipenyo cha angalau mara tatu ya kipenyo cha paipu. Benda (mashine ya kukunja paipu) ya mafundi wa umeme itaibana kama bomba la sharubati na mkaguzi ataiona kutoka mlangoni, kwa hivyo kama hamna benda ya kweli lipeni mtu mwenye nayo akunje zote siku moja. Ncha zikatwe mdomo wa samaki zikae juu ya paipu nyingine bila kuacha mwanya, msijaze shimo na waya wa welding. Chapeni kiolezo cha karatasi, zungusha kwa paipu, chora, grenda, faili. Ni kazi ya kuchosha, ndo sababu mko wengi.

Meza iwe sawa kabisa. Shikisheni chesisi yote kwa tone tone kwanza, mpime diagonali zote, ndo mchomelee mkiruka huku na huku, juu ukimaliza upande mmoja wote chuma kitavuta na mbele itaangalia Thika na nyuma Ngong. Welding ya MIG ni sawa, ya TIG nzuri zaidi kama iko. Na hata kama fundi wenu amechomelea matangi ya petroli miaka yote, achomelee vipande vya majaribio vya paipu ile ile, muvikate katikati muangalie kama moto umeingia ndani, na kingine mkigonge kwa vaisi mpaka kivunjike. Kikivunjika paipu, vizuri. Kikivunjika mshono, arudie. Mwambieni si dharau, hata wanafunzi wa Baja wanadaiwa vipande hivyo.

Magurudumu, stelingi na breki

Hapa ndo bagi za kujijengea huharibikiwa. Nyuma chukueni habu za mbele za Probox na amu zake, na pale tairodi ya stelingi ilishika mfunge fimbo isiyosonga kutoka kwa chesisi. Fimbo hiyo iwe imara kuliko mnavyodhani, ikikatika gurudumu la nyuma linajikunjia lenyewe.

Mbele pia wekeni habu za mbele, jozi ya pili kutoka skrepu, msitumie zile za nyuma za Probox. Sababu ni breki: diski kubwa zimeenda nyuma na injini, mkiweka drumu mbele gari itashika nyuma kwanza na kila kona mtamaliza mkiangalia mlikotoka. Diski zote nne, masta silinda mbili, moja mbele moja nyuma, na kitu cha kurekebisha mgawo. Sasa kuna siri ya habu hizo za mbele zisizovutwa na injini: beringi yake inabanwa na kile kichwa cha nje cha draivshafti, ukikitoa beringi inafunguka njiani. Kwa hivyo chukueni draivshafti mbovu, mkate, mrudishe kile kichwa tu ndani ya habu na nati yake ikazwe kama kawaida. Watu hawaambiwi hii.

Amu za mbele tengenezeni mbili mbili, juu na chini. Stelingi ya Probox inafaa hata bila msaada wa umeme juu mbele hakuna injini, lakini mahali mnaiweka ni kazi ya jioni nzima: toeni springi, mpandishe na kushusha gurudumu na jeki huku mtu akipima kama linageuka kulia kushoto lenyewe. Likigeuka, sogezeni stelingi juu ama chini mpaka litulie. Mkiruka hii, kila tuta litashika usukani badala ya dereva.

Springi za Probox zilibeba gari ya tani moja na magunia juu. Bagi yenu mkijitahidi itakuwa kilo mia sita hivi. Msikisie, chukueni mizani ya stoo, ile ya kupimia mzigo, wekeni chini ya gurudumu moja na vipande vya mbao vya kimo hicho hicho chini ya mengine matatu, dereva akiwa ndani, mzunguke magurudumu yote. Na hizo namba ndo mnaenda nazo kununua springi. Nyuma fungeni mkanda wa kuzuia gurudumu lisishuke sana gari ikiruka, la sivyo draivshafti inachomoka na mpira wa CV, ile jointi ya draivshafti, unapasuka.

Vumbi, moto, mkanda

Vumbi la huku ni unga, injini italivuta ikae mwezi mmoja ife. Mdomo wa hewa upande juu karibu na paa, uangalie nyuma, filta ya sponji yenye oili juu ya ile ya kawaida. Radiata ikiwekwa nyuma iwe na feni na mahali pa kuoshea, ikiwekwa mbele paipu za maji zisipite karibu na dereva bila kufunikwa. Ndani ya sampu, ile karai ya oili chini ya injini, chomeleeni vibati vya kuzuia oili isikimbie yote upande mmoja kwa kona ndefu.

Tangi la petroli litenganishwe na dereva na ukuta wa bati usio na tundu. Swichi ya kukata umeme wote ifikike na dereva akiwa amefungwa na pia mtu wa nje, na ikikatwa injini izime kweli, jaribuni, juu altaneta inaweza kuendelea kuilisha. Mkanda wa mashindano una tarehe ya kuisha imeshonwa, zile za mtumba za bei rahisi zimeisha nyingi, angalieni kabla ya kulipa. Mikanda ya mabega ikitoka kwa kiti iende nyuma karibu sawa, isishuke zaidi ya digrii 45, ikishuka sana inabana uti wa mgongo wakati wa kugonga. Pesa ikipungua punguzeni rangi, rimu, stika, chochote kile isipokuwa kiti, mkanda na helmeti.

Kadi za kazi

Faida kubwa ya kujenga na watu wa kazini ni kwamba tayari mko na utaratibu, mtumie. Job card zile zile mnazojaza kwa trela ya mteja jazeni kwa bagi. Aliyekaza bolti apige alama ya rangi na aweke sahihi, mwingine apite na spana ya torki arudie. Bolti za daraja la nguvu 8.8 kwenda juu, nati za nailoni zitumike mara moja tu, bolti ya amu ishikwe pande zote mbili isiwe imening'inia upande mmoja. Mwisho wa mwezi mjue hakuna bagi, kuna stock-taking na oda za haraka, msiweke malengo wiki hizo mkaanza kulaumiana.

Siku ya kwanza iendesheni uwanjani kwa gia ya kwanza, breki mara nyingi, kisha simameni mkague kila alama ya rangi. Baadaye ombeni kwa maandishi shamba ama kwari isiyotumika, muende na vizima moto viwili, sanduku la huduma ya kwanza na gari ya kumkimbiza mtu hospitali. Dereva azunguke polepole mara chache, arudi, mshike habu kwa mkono kuona ipi imechemka, muangalie oili, maji, mishono karibu na amu. Kisha aongeze. Wa pili asiingie mpaka wa kwanza amesema kila kitu na kimeandikwa. Mkirudi karakana teremsheni kila kitu, safisheni, tafuteni nyufa kwa ile dawa nyekundu ya kupulizia mnayotumia kwa matangi. Mkienda mashindano bebeni draivshafti mbili, fimbo ya stelingi ya spea, kebo ya gia na mashine ya welding, na fomu ya kuingia jazeni mapema.